Kupangua Kabla ya Kupanga: Unadhifu wa Makao na Utulivu wa Moyo

Utangulizi

Chakula, mavazi na malazi ndiyo mahitaji ya kimsingi ambayo kila mtoto wa shule ya msingi hufunzwa kuyataja. Ni nadra, hata hivyo, kwa mtoto huyo kufunzwa jinsi mahitaji hayo yanavyogombana. Mavazi yakizidi huyala malazi; vyombo vya chakula vikizidi hukosa pa kukaa; na mwenye chumba hubaki akipita ubavuubavu mahali anapolipia kodi kila mwezi. Hali hii hushuhudiwa katika mabweni ya wanafunzi, katika vyumba vya kupanga vya mijini, na hata katika maboma ya mashambani ambako nafasi haikosi. Si umaskini pekee unaoileta wala si utajiri pekee. Tajiri hulimbikiza kwa kuwa ananunua, naye maskini hulimbikiza kwa kuwa anahofia kutoweza kununua tena.

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo baina ya kupunguza na kupanga vitu vya nyumbani kwa upande mmoja, na kuishi kwa uzingativu kwa upande wa pili. Hoja zinazojengwa ni tatu. Kwanza, ingawa siku hizi jambo hili huhusishwa na vitabu na vipindi kutoka ng'ambo, msingi wake si mgeni katika lugha na makao ya Waswahili. Pili, watu wanaolimbikiza wana sababu ambazo haifai kuzikejeli. Tatu, upanguzi unaomtuliza mmoja kwa kumtwika mwingine mzigo haustahili kuitwa utulivu.

Dhana na msamiati

Mwanafunzi wa mofolojia ya Kiswahili anaifahamu vyema kauli ya kutendua. Funga hutendua kuwa fungua, kunja huwa kunjua, ziba huwa zibua, na panga huwa pangua. Katika mazungumzo ya kila siku, kupangua huchukuliwa kuwa ni kuharibu: mtoto amepangua vitabu, kipa amepangua mpira. Lakini kitenzi hicho kinabeba hekima inayosahaulika. Kanga iliyokunjwa vibaya hainyooki kwa kukunjwa zaidi. Sharti ikunjuliwe kwanza. Vivyo hivyo, kabati lililojaa halipangiki kwa kusukumwa mlango ufunge. Mwenye kutaka kupanga hana budi kupangua kwanza, atoe kila kitu nje, akione, kisha aamue kipi kirudi. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia neno upanguzi kwa maana ya kupunguza vitu ili vilivyobaki vipate mpango.

Istilahi ya pili ni uzingativu. Mnamo mwaka wa 1979, Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya kuwasaidia wagonjwa kupunguza mfadhaiko. Mafunzo hayo yalitokana na mazoezi ya Kibudha yaliyoondolewa sura ya kidini, na lengo lake lilikuwa kumwezesha mtu kuelekeza nia yake kwenye jambo lililopo sasa bila kukimbilia kulihukumu. Dhana yenyewe haikuwa ngeni kwa wazungumzaji wa Kiswahili. Muumini wa Kiislamu huhimizwa kuswali kwa khushui, yaani kuuhudhurisha moyo, kwani mtu anaweza kuwa mwili wake uko msikitini ilhali moyo wake uko sokoni. Kadhalika, mtu akiambiwa "kuwa makini" huwa anatakiwa awe na utulivu wa akili pamoja na uangalifu. Uzingativu, basi, ni hali ya mtu kuwapo mahali alipo.

Hapa ndipo istilahi hizi mbili zinapokutana. Kila kitu kilichomo nyumbani humdai mwenyewe kitu fulani: kuoshwa, kurekebishwa, kurudishwa kwa mwenyewe, kusomwa, au angalau kurukwa mtu anapopita. Vitu vikizidi, madai huzidi, na moyo ukakosa mahali pa kutua.

Makao ya mwambao: kila kitu na mahali pake

Msamiati wa makao ya Waswahili una ushahidi ambao haujazingatiwa ipasavyo. Lugha hii haikutaja vitu pekee, bali pia ilitaja mahali pa vitu. Taa ilikuwa na kiango chake. Chakula kilichohitaji kuepushwa na paka na sisimizi kiliwekwa katika susu iliyoning'inizwa. Vyombo vilivyooshwa viliwekwa juu ya uchanja vikauke. Mavazi na vito vilihifadhiwa ndani ya kasha. Ungo ulitundikwa ukutani, nayo mbuzi ya kukunia nazi ikaegemezwa kando baada ya kazi. Mtoto aliyetumwa usiku kuleta kitu hakuhitaji taa, kwani jina la mahali lilitosha.

Mfano ulio bora zaidi ni nyumba ya mawe ya Lamu, mji wa kale ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2001. Nyumba hiyo ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikashikiliwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo haziwezi kuvuka upana mkubwa, vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, kiasi cha upana usiofikia mita 3. Chumba cha namna hiyo hakivumilii samani nyingi. Mjenzi aliutatua ugumu huo kwa kuingia ndani ya ukuta wenyewe: alichimba vidaka, ambavyo kwa Kiamu huitwa zidaka, akavipamba kwa lipu iliyonakshiwa. Katika nyumba za matajiri, ukuta wa chumba cha ndani ulijaa safu za vidaka, na humo ziliwekwa sahani za kauri kutoka ng'ambo, vitabu na vitu vingine vya thamani. Kidaka kina mipaka. Kinapokea chombo kimoja au viwili, na kikishajaa humlazimisha mwenye nyumba kuchagua.

Mpango wa nyumba nzima nao ulikuwa na mantiki. Mgeni alipokewa kwenye daka lenye baraza za mawe pembeni mwa mlango. Baada ya hapo palikuwa na kiwanda kilicho wazi kwa juu, kisha misana, na hatimaye vyumba vya ndani vya faragha. Kadiri mtu alivyosogea ndani ndivyo sauti za mtaa zilivyopungua. Nyumba ilimtayarisha mwenyewe kuacha shughuli za nje pale nje.

Fasihi ya mwambao iliyachukulia mambo haya kwa uzito. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi aliomtungia binti yake mwaka wa 1858, aliweka unadhifu wa mwili na wa nyumba miongoni mwa nasaha za kumfaa bintiye maishani. Kabla yake, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alikuwa ametunga Al-Inkishafi akiyatazama magofu ya Pate. Humo vidaka vilivyokuwa na vyombo vya kauri vinaonyeshwa vikiwa makao ya ndege. Mshairi hakuwa akifundisha upangaji wa nyumba. Alikuwa akiuonya moyo wake dhidi ya kuyategemea mambo ya dunia. Hata hivyo, taswira hiyo humkumbusha msomaji kwamba hata kitu kilichopewa mahali pazuri kuliko vyote hakikumwokoa mwenyewe.

Haifai, pamoja na hayo, kuitukuza nyumba ya mawe kupita kiasi. Ilikuwa makao ya waungwana, na unadhifu wake ulitegemea kwa kiasi kikubwa mikono ya watumwa. Suala la nani hufagia ili nani atulie litarejelewa hapo baadaye.

Utafiti wa kisasa unavyosema

Kati ya mwaka wa 2001 na 2005, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walizichunguza familia 32 za tabaka la kati katika mji huo, wakipiga picha nyumba zao na kuhesabu vitu vilivyoonekana. Katika nyumba ya kwanza kuhesabiwa, vyumba vitatu pekee vilikuwa na vitu 2,260 vilivyoonekana kwa macho, bila kuhesabu vilivyofichwa kabatini na mitoni. Katika familia nyingi, gari lililala nje kwa kuwa banda lake lilikuwa limegeuzwa stoo.

Mwaka wa 2010, Darby Saxbe na Rena Repetti walichapisha matokeo yaliyotokana na mradi huo. Wanandoa waliombwa waizungushe kamera nyumbani mwao huku wakieleza walichokiona, na mate yao yakapimwa ili kubaini kiwango cha kotisoli, homoni inayohusiana na mfadhaiko. Kwa kawaida homoni hiyo huwa juu asubuhi na kushuka jioni. Wake walioieleza nyumba yao kwa maneno ya mrundiko na kazi zisizokwisha walionekana kuwa na kotisoli isiyoshuka vyema kadiri siku ilivyosonga. Kwa waume, uhusiano huo haukujitokeza kwa nguvu hiyo. Utafiti wa aina hii hauthibitishi kwamba mrundiko ndio uliosababisha hali hiyo, kwani yawezekana pia aliyechoka ndiye anayeuona mrundiko zaidi. Lakini unaonyesha kwamba watu wawili wanaweza kuishi katika chumba kimoja na mmoja wao tu akaubeba mzigo wake.

Mwaka uliofuata, 2011, Stephanie McMains na Sabine Kastner wa Chuo Kikuu cha Princeton walieleza jinsi vitu vingi vinavyoonekana kwa pamoja hushindania nafasi katika sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona. Ubongo hulazimika kufanya kazi ya kuvizima visivyohitajika ili ukitazame kimoja. Mwanafunzi anayesoma riwaya mezani penye sufuria, chaja, marashi na karatasi za mihula mitatu iliyopita anaweza kudhani kwamba havioni vitu hivyo, kumbe anafanya bidii ya kutoviona.

Kwa nini watu hulimbikiza?

Jibu la haraka husema ni uvivu. Jibu hilo ni potovu. Mara nyingi mlimbikizaji ni mtu mwenye bidii na kumbukumbu ya dhiki. Methali husema akiba haiozi, nayo nyingine huonya usitupe mbachao kwa msala upitao. Mama anayehifadhi mikebe mitupu ya siagi anajua itakavyofaa kuwekea sukari, mbegu au chakula cha jirani aliyefiwa. Kabla ya Kenya kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, ilikuwa vigumu kupata jikoni pasipokuwa na mfuko mmoja uliojaa mifuko mingine. Huko hakukuwa kupenda takataka, bali ni kukataa kupoteza.

Sababu ya pili ni mapenzi. Shati la marehemu baba halikai kabatini kwa ajili ya kuvaliwa. Sababu ya tatu ni heshima: seti ya sahani ambayo hakuna mwana wa nyumba huruhusiwa kuigusa huhifadhiwa kwa ajili ya mgeni, na mgeni anapofika hutolewa kwa fahari. Zaidi ya hayo, wapo watu ambao kushindwa kuachana na vitu kumefikia kiwango cha maradhi. Wataalamu wa afya ya akili wa Marekani walikitambua kilema hicho kama ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wao wa mwaka wa 2013. Mtu wa namna hiyo anahitaji msaada wa tabibu, si kuchomewa vitu vyake.

Ndiyo maana vigezo vinavyoletwa kutoka ng'ambo vinahitaji kupimwa. Marie Kondo wa Japani, ambaye kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka wa 2014 na ambaye kipindi chake cha Netflix kilianza kuonyeshwa mwaka wa 2019, hufundisha kwamba mtu akishike kila kitu mkononi na kubakiza kile tu kinachouamshia moyo wake furaha. Kigezo hicho kina manufaa kwa mavazi. Lakini jembe haliamshi furaha, wala cheti cha kuzaliwa, wala stakabadhi ya karo. Vitu hivyo hubakizwa kwa sababu maisha huvitegemea.

Hatua za upanguzi

Mfumo unaoafiki zaidi mazingira ya Afrika Mashariki ulipitia viwandani na hospitalini. Wajapani waliupa mfumo huo maneno matano yanayoanza kwa herufi S. Tanzania ilipoanza kuutumia katika hospitali zake kuanzia mwaka wa 2007, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikiwa ya kwanza, wataalamu wake waliyatafutia maneno hayo visawe vya Kiswahili vinavyoanza kwa S vilevile: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kwa mwanafunzi wa tafsiri, huo ni mfano wa istilahi zilizoundwa kwa ustadi. Kusasambua kwa kawaida ni kuvua au kuambua kilichofunika, na kwa kweli hatua ya kwanza ya kupanga ni kuivua nyumba ilichojivika.

Nyumbani, hatua hizo zinaweza kufuatwa hivi:

1. Kusasambua. Eneo moja dogo lichaguliwe, kwa mfano droo moja, kisha kila kilichomo kitolewe. Vitu vigawanywe mafungu manne: vinavyotumika, vya kutengenezwa, vya kupewa mwingine na vya kutupwa. Cha kutengenezwa kipewe tarehe. Tarehe ikipita bila fundi kuonwa, kihamie fungu jingine.

2. Kuseti. Kila kinachobaki kipewe mahali pake, karibu na kinapotumika. Kinachotumika kila siku kiwe mkononi, na kinachotumika mara moja kwa mwaka kiwe juu au nyuma.

3. Kusafisha. Mahali palipo patupu pafagiwe na kupanguswa kabla ya vitu kurudishwa.

4. Kusanifisha. Watu wote wa nyumbani wakubaliane juu ya mahali hapo, kwani mpango unaojulikana na mtu mmoja hufa siku anaposafiri.

5. Kushikilia. Dakika chache za kila jioni hufaa kuliko siku nzima ya hasira mwisho wa mwaka.

Fungu moja linastahili kutangulizwa: hati. Mali bila daftari hupotea bila habari. Si mara moja familia iliyo matangani imejikuta ikifukua masanduku usiku, huku wageni wakiwa uani, ikitafuta hatimiliki ya shamba au kadi ya bima ya marehemu. Nchini Kenya, sheria ya mwaka wa 2011 iliunda mamlaka maalumu ya kuhifadhi fedha na hisa ambazo wenyewe hawajulikani walipo au walifariki bila warithi kupata habari. Kuwapo kwa mamlaka hiyo ni ushahidi kwamba karatasi iliyopotea chini ya kitanda inaweza kuwa karo ya mtoto iliyopotea. Bahasha moja ya hati, ambayo angalau watu wawili wanaijua ilipo, ni sadaka ambayo aliye hai huwapa watakaobaki.

Uzingativu huingia katika hatua zote hizi. Anayekishika kitu na kujiuliza kilikotoka, kilimfaa lini na kitamfaa nani, anafanya zoezi lilelile la kuuhudhurisha moyo. Anayerusha vitu gunia baada ya gunia kwa ghadhabu hajapangua chochote isipokuwa chumba, na baada ya miezi michache chumba hicho hujaa tena.

Vinakwenda wapi, na nani hufagia?

Kutupa si kutoweka. Takataka nyingi za Nairobi huishia Dandora, ambako kuna watu wanaoishi kando ya jaa na wengine wanaojipatia riziki kwa kuchakura humo. Sheria ya Kenya ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka wa 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza tangu zinakotoka, yaani nyumbani. Simu mbovu na betri hazifai kuchomwa wala kuchanganywa na maganda ya ndizi. Aidha, Mkenya hana haja ya kuambiwa vitu vilivyopanguliwa Ulaya na Marekani hwenda wapi: huwasili vikiwa marobota ya mitumba na kufunguliwa Gikomba. Kabati la mmoja hutulia, soko la mwingine hujaa. Katika shehena hizo mna nguo nzuri zinazowavika na kuwalisha wengi, na mna zisizofaa kuvaliwa na yeyote.

Kwa hiyo kutoa kuna adabu yake. Kitu kinachotolewa kiwe kizima, kisafi, na kitolewe kwa namna isiyomdhalilisha apokeaye. Vitabu vya mwaka wa kwanza humfaa anayejiunga na chuo, na koti la mtoto aliyekua humfaa mtoto wa jirani kabla ya baridi ya Julai. Kumpelekea mtu taka na kuiita zawadi ni kuhamisha mrundiko.

Swali la pili ni gumu zaidi. Katika nyumba nyingi, kazi ya kupanga huachiwa mama, binti au mfanyakazi wa nyumbani, kisha wengine wakasifu utulivu wa sebule. Utafiti wa mwaka wa 2010 uliotajwa hapo awali unaonyesha kwamba mrundiko haumlemei kila mtu sawasawa, na historia ya nyumba za mawe inaonyesha kwamba jambo hilo halikuanza jana. Mvulana anayefundishwa kurudisha kikombe mahali pake anafundishwa zaidi ya unadhifu, kwani anatambua kwamba kikombe hakirudi chenyewe na kwamba mikono inayokirudisha ina mwenyewe.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kwamba upanguzi wa makao si mtindo wa kigeni wala si anasa ya wenye nafasi. Kiswahili kiliyapa majina mahali pa vitu, wajenzi wa mwambao walivichimbia vidaka, na washairi waliuonya moyo usivitegemee. Utafiti wa kisasa umeongeza ushahidi kwamba macho na mwili hulipa gharama ya mrundiko. Hata hivyo, akiba ina heshima yake, na kumbukumbu ina haki ya kuwekewa kidaka kimoja.

Mwanafunzi mwenye chumba cha hatua nne kwa tatu hana uwezo wa kuongeza kuta. Anao uwezo wa kufungua droo moja, kutoa kila kilichomo, na kurudisha kile kinachostahili. Inafaa pia, baada ya hapo, aichukue ile bahasha ya hati ambayo mzazi wake hajawahi kuipanga, waketi pamoja siku ya likizo, na waulizane kila karatasi inamhusu nani. Huenda mazungumzo hayo yakawa ya kwanza ya aina yake baina yao. Nyumba iliyopanguliwa kwa namna hiyo huacha nafasi ya watu kuonana.